Jipu halisubiri korona iishe

Korona ilipoingia Zanzibar, Machi 2020, mimi nilikuwa na uzi katika tupu ya nyuma. Nalisema wazi kwa sababu haya ndiyo iliyonichelewesha. Miaka miwili nilijitibu bawasiri, kumbe ni maradhi ya Crohn: utumbo unawaka, kidonda kinachimba mpaka kinatokeza kwenye ngozi pembeni ya njia ya haja. Tundu hilo ndilo nasuri. Dakta hupitisha uzi ndani yake akaufunga kitanzi, usaha upate pa kutokea.

Kuvuka kutoka Pemba kwenda kliniki Unguja kukawa mtihani. Tukakubaliana na dakta tuzungumze kwa simu, damu nipimwe huku huku Chake, maana azathioprini, dawa yangu ya kutuliza Crohn, huweza kushusha chembe nyeupe za damu. Kisha nikakosea: nilisikia dawa hiyo inapunguza kinga, nikaiacha kimya kimya. Haukupita muda usaha ukazidi. Ndugu yangu, mpigie dakta kwanza. Na predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza utumbo unaowaka, ndiyo kabisa, haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Nyumbani nilitegemea karai la maji ya uvuguvugu. Nikikaa humo dakika 10 mpaka 15 asubuhi, jioni na baada ya haja, kisha najikausha kwa kugusa tu, bila kusugua. Mke wangu alinipa pedi zake bila kuuliza neno, na wema huo sitausahau. Sala ilinihangaisha zaidi. Sheikh wa mtaani akanifahamisha kwamba mwenye kutokwa mfululizo hujisafisha, hujifunga, akatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia. Usiku ule nililala.

Lakini si kila kitu ni cha simu. Siku moja pembeni ya uzi pakavimba, pamoto, pagumu kama kokwa ya embe, na homa juu. Wakati ule mwenye homa alidhaniwa ana korona, nikaogopa hospitali. Siku tatu nikimeza metronidazoli, vidonge vya kuua bakteria, na jipu linakua. Jipu la huko hutaka kupasuliwa litoe usaha. Vidonge peke yake havitoshi. Ukiona uvimbe, homa, na kitako hakikaliki, vaa barakoa uende siku hiyo hiyo. Sasa ndani ya kadi yangu ya hospitali nimekunja karatasi ya kumpa anayepokea wagonjwa, maana maumivu yakizidi ulimi hukataa: "Nina Crohn, nina jipu, natumia dawa za kushusha kinga."