Kiwanja kilichokuwa drai klina: tuchimbe kirefu?

Swali: Mhandisi, tunakagua kiwanja Dar es Salaam kilichokuwa na drai klina. Tumechimba visima vitatu vya uchunguzi, vyote vinaishia pale maji yanapoanza. Maabara haikukuta petroli wala dizeli. Sasa mteja anataka kisima kimoja kirefu katikati ya jengo la zamani, amalize kazi. Tukubali?

Jibu: Msikubali, ndugu. Drai klina nyingi zilitumia perkloroethilini, kiyeyusho cha kusafishia nguo, na kipimo cha petroli hakikioni. Petroli huelea juu ya maji. Perkloroethilini ni nzito kuliko maji kwa takriban mara 1.6, kwa hiyo huzama hadi ikutane na mfinyanzi, kisha hutambaa kufuata mteremko wa mfinyanzi wenyewe, hata kama maji yanaelekea kwingine. Sehemu nyingi za Dar zina mchanga wenye maji juu, mfinyanzi katikati, halafu mchanga mwingine chini ambako visima virefu vya watu huvuta. Mkitoboa mfinyanzi pale penye kiyeyusho, mmekifungulia mlango.

Watafuteni wafanyakazi wa zamani. Mashine zilikaa wapi, na maji yaliyotenganishwa na kiyeyusho yalimwagwa wapi? Kule Jacksonville, North Carolina, Marekani, uchafu wa drai klina ya ABC One-Hour Cleaners uliingia ardhini kupitia shimo la maji taka, ukafika visima vya makazi ya wanajeshi ya Tarawa Terrace. Vilivyochafuka vilifungwa 1985. Mimi ningeanzia kwenye bomba la choo kabla ya sakafu ya mashine.

Pimeni kwanza mvuke uliomo udongoni. Ni rahisi na huonyesha pa kuelekea. Kisha anzieni nje mkisogea ndani, mkichukua maji kwa vina tofauti, hasa juu kidogo ya mfinyanzi. Chujio la kisima, yaani sehemu ya bomba yenye matundu, liwe fupi, maana refu huchanganya maji safi na machafu, majibu yakaonyesha uchafu mdogo kuliko uliopo. Chupa za mililita 40 zijae pasibaki kiputo, zikae kwenye barafu.

Iambieni maabara ipime pia trikloroethilini, dikloroethilini na vinilikloridi, ambazo huzaliwa kiyeyusho kikioza; hiyo ya mwisho ni sumu zaidi. Kiwango cha Marekani kwa perkloroethilini katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita. Mkikuta miligramu 2 kwa lita, yaani kama asilimia 1 ya kile maji yanachoweza kuyeyusha, shukuni kwamba kiyeyusho chenyewe kipo karibu.

Ila sampuli ya kwanza itoke kisima cha jirani anayekunywa. Hiyo haisubiri mtambo wa kuchimba.