Miche ilivumilia mafuriko wiki tatu, maji ya bahari yakaimaliza siku nne: shida ni maji au chumvi?

Swali: Nina miche ya miti ya kinamasi, urefu kama nusu mita. Msimu wa mvua maji baridi yalituama wiki tatu na haikufa hata mmoja. Baadae maji ya bahari yakapanda yakakaa siku nne tu, yakaondoka, nikasema nimepona. Wiki mbili mbele majani yakaanza kukauka kuanzia pembeni. Ni maji au ni chumvi? Na chumvi napimia wapi?

Jibu: Ndugu, ni vyote viwili kwa pamoja. Wengi wanapiga hesabu ya kujumlisha, mche unastahimili maji kiasi hiki na chumvi kiasi hiki, basi vikija pamoja utastahimili tu. Haiendi hivo.

Tuanze na maji. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, na oksijeni inapenya majini polepole mno, kama mara 10,000 chini ya inavyopenya hewani, alafu kile kidogo kilichobaki vijidudu vya udongoni wanakimaliza ndani ya siku moja mbili. Mzizi hapo unabaki kuchachusha sukari, na sukari ileile sasa inatoa chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu uliyozoea kuipata. Mche wa kinamasi unajua kujihami, ukiuangalia shina usawa wa maji utaona vinundu vyeupe vimevimba na mizizi mipya inachomoza juu ya udongo, na ndani ya mizizi inatengeneza nafasi za kupitishia hewa kutoka juu. Hiyo kazi inahitaji muda, yako ilipata muda na vichwa vilikuwa nje ya maji. Ingezama yote tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

Sasa chumvi. Bahari ina kama gramu 35 kwa lita. Miche mingi ya maji baridi inaanza kudumaa kwenye gramu 2 hivi, na hata Taxodium distichum, mti wa vinamasi vya kusini mashariki mwa Marekani ambao ni mgumu kuliko wenzake wengi, ukiuchanganyia maji yaliyotuama na chumvi ya kama gramu 8 unahangaika. Mzizi mzima unazuia sodiamu isipande na nyingine unaisukuma irudi nje, na kusukuma kunataka nguvu, ndo ile ile nguvu ambayo mzizi uliozama hauna. Kwa hiyo mlango unabaki wazi. Juu ya hapo maji ya bahari yana salfeti nyingi, vijidudu wakikosa oksijeni wanaigeuza kuwa gesi ya salfaidi hidrojeni ambayo ni sumu kwa mizizi. Chimba kidogo unuse, tope likiwa jeusi na linanuka yai viza basi ujue.

Kwanini wiki mbili baadae? Chumvi inaua kwa awamu. Kwanza mche unashindwa kuvuta maji, majani yanalegea ilhali umesimama kwenye maji. Alafu sodiamu na kloridi vinajikusanya taratibu kwenye majani, yaliyozeeka ndo yanatangulia, ncha na pembeni zinaungua. Na maji yalivyoondoka chumvi haikuondoka nayo, jua likikausha inazidi kukolea chini, kwa hiyo aliyepima maji ya juu akaona afadhali amejidanganya.

Pimia kwenye mizizi. Chimba kishimo sentimita 15 mpaka 20 karibu na mche, acha maji yajichuje yaingie, mwaga ya kwanza, pima yatakayofuata kwa kipima EC, kile kifaa kinachopima maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi nacho kinasoma juu. Kikisoma kwa dS/m (kipimo cha EC) zidisha kwa 0.65 upate gramu kwa lita kwa makadirio.

Iliyokauka usiing'oe bado. Kwaruza gome kwa kucha karibu na shingo ya mzizi, pale shina linapokutana na mizizi, ukikuta kijani chini yake iache, mingine huchipua upya. Mbolea ya chumvichumvi hapana kwa sasa. Kama una maji baridi mwagia kwa wingi ila hakikisha pana pa kutokea, ukimwagia pasipo mfereji utarudisha mafuriko tu.

Najua utaniuliza, mbona mikoko inaishi humohumo? Mchu, aina mojawapo ya mikoko, unatoa chumvi kupitia majani, ulambe jani utaionja, na mkoko wenyewe unazuia sehemu kubwa kwenye mizizi, ila hata hiyo ikiwa michanga na maji yakatuama bila kupwa inakufa vilevile, sa usiipeleke kwenye shamba la maji baridi ukidhani ndo dawa.

Kupanda tena subiri mvua ioshe udongo, pima, ikishuka chini ya gramu 2 weka miche mirefu zaidi juu ya vituta vya udongo vya kuinua shingo ya mzizi, na angalia kalenda ya maji usiangukie kwenye bamvua kubwa, yaani siku bahari inapojaa juu zaidi, panda mwanzoni mwa maji mafu, siku inapojaa kidogo, ili mizizi ishike kabla bahari haijarudi juu.