Ukienda kliniki ya akili, mwambie muuguzi yote

Maswali ya safari hii yametoka Kilwa hadi Newala, na karibu yote yanahusu kutibiwa na muuguzi wa afya ya akili. Naanza na lile lisilosubiri.

Shikamoo mama. Mdogo wangu yuko Kilwa Masoko, amejifungua, leo siku ya tisa. Halali, anaongea peke yake usiku kucha, na jana kasema mtoto aliyenaye si wake, kabadilishiwa. Bibi anasema ni mashetani ya uzazi, tungoje arobaini iishe. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Msingoje arobaini, msingoje hata kesho. Mpelekeni hospitali leo hii, yeye na mtoto wake, na kadi ya kliniki ya uzazi mkononi. Mpaka mfike, asiachwe peke yake na kichanga hata dakika moja. Simaanishi kwamba ni mama mbaya. Akili yake kwa sasa inamwambia mambo yasiyokuwepo, na anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto akiamini anamwokoa.

Mkifika, mwambieni muuguzi amekesha usiku ngapi, kama ana homa, kama presha ilipanda wakati wa ujauzito, na kama damu inatoka kwa wingi au ina harufu. Ataanza na kipimajoto na mashine ya presha, kwa sababu maambukizi ya uzazi na kifafa cha mimba navyo huvuruga akili, na matibabu yake ni mengine. Hayo yote yaelezwe hata kama hajauliza. Kuhusu kunyonyesha, muulizeni kabla ya kidonge cha kwanza. Ugonjwa huu unatibika, na wengi hupona kabisa. Ila hupenda kurudi kwenye uzazi unaofuata, kwa hiyo siku akishika mimba nyingine, mkunga aambiwe mapema. Bibi mwambieni kwa heshima kwamba dua zake ziendelee, zitamfikia huko huko wodini.

Mume wangu anasikia sauti za watu wanaomtukana. Hospitali tuliyemkuta ni muuguzi, ndiye aliyemhoji muda mrefu. Binti yangu aliye Marekani naye anatibiwa sonona na muuguzi. Mbona hatupewi madaktari? Mama wa Newala.

Mama, hukupunjwa. Huko Marekani kuna wauguzi walioongeza shahada ya uzamili au ya uzamivu katika afya ya akili na kufaulu mtihani wa bodi. Wanatambua ugonjwa na kuandika dawa. Baadhi ya majimbo yanawaruhusu kufanya kazi hiyo wenyewe, mengine yanawataka wawe na makubaliano na daktari. Kwetu mambo yamepangwa kivingine. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache na wengi wako miji mikubwa, hivyo muuguzi wa akili anafanya kazi pamoja na tabibu au daktari, na sehemu kubwa ya mazungumzo na ufuatiliaji inabaki mikononi mwake. Shirika la Afya Duniani lenyewe lina mpango tangu mwaka 2008 wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wasio mabingwa kutibu magonjwa haya, maana bila wao wagonjwa wengi wasingeonwa na mtu.

Wewe angalia anavyohoji. Muuguzi anayeijua kazi haishii kwenye "unasikia sauti?" Atataka kujua zinasema nini, kama zinamwamuru afanye jambo, zilianza lini, kama mumeo anakunywa nipa au kuvuta bangi, kama aliwahi kuanguka kifafa au kuumia kichwa. Kisha atakugeukia wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua anaamka saa ngapi na ameanza lini kukataa chakula cha mkono wako. Hapo usione aibu kusema. Na kama ana homa, anapata degedege, amekataa kula na kunywa, au wiki zinapita hakuna nafuu, omba aonwe na daktari au mpewe rufaa. Ni haki yenu, na muuguzi mzuri hatakasirika.

Kaka yangu alichomwa sindano kliniki alipokuwa amepandisha sana. Kesho yake shingo ikapinda, macho yakaangalia juu, ulimi unatoka nje. Mama anasema sindano imemwamsha jini, hatumrudishi tena. Tandahimba.

Mrudisheni leo, tafadhali. Nimempokea kijana wa namna hii akiwa ameshikiliwa na wajomba wawili, kidevu kimeng'ang'ania begani, udenda unamtoka, machozi yanamtiririka. Na akili yake ilikuwa timamu kabisa, alisikia kila neno waliloongea juu yake. Alichomwa dawa ya kulegeza misuli, na kabla ya saa kuisha shingo ilinyooka, akaomba maji.

Ni dawa ya ile sindano ya kwanza inayopindisha shingo hivyo. Haloperidol na jamaa zake hukaza misuli kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, hasa siku chache za mwanzo. Dawa ya kuituliza ipo, kama benzhexol. Muuguzi akijua, atapanga na daktari kupunguza kipimo au kubadili dawa, na ataandika kwenye kadi ili mwingine asirudie. Asipojua, ataandika tu kwamba mgonjwa hakurudi. Mkiona anashindwa kumeza au kupumua, au mwili umekakamaa na una joto kali, msisubiri kukuche.

Mama yenu msimlaumu. Nani asingeogopa kumwona mwanawe vile? Angeelezwa mapema, siku ile ile ya sindano. Kwa hiyo ninyi wengine, kila mnapopewa dawa mpya ulizeni: "Inaweza kumfanya nini, na likitokea tuje wapi?"

Mimi ni mwalimu, Ruangwa. Nina sonona, nimepewa amitriptyline. Wiki sasa nimepata kinywa kikavu na kusinzia darasani, moyo uko vile vile. Niache?

Usiache, mwalimu. Madhara ya dawa hii hutangulia, faida hufuata, kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Muulize muuguzi kama unaweza kuimeza mapema zaidi jioni, na kunywa maji mara kwa mara. Ukishindwa kukojoa au moyo ukienda mbio, rudi haraka.

Muuguzi atakuuliza pia kama unawaza kufa. Kukuuliza hakukupandikizii wazo hilo. Kama lipo, litaje, hata kama ni la kupita tu. Mimi naomba na jambo moja zaidi: vidonge hivi vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua, basi vitunzwe na mtu unayemwamini. Na kama nyumbani mnahifadhi dawa za kupulizia mikorosho, zihamishiwe kwingine wakati huu.

Mgonjwa wetu tunampeleka pia kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji. Tumwambie muuguzi? Nachingwea.

Mwambieni. Dua na kombe, yale maandishi ya aya yanayooshwa na kunywewa, havina ugomvi na vidonge. Anachohitaji kujua ni dawa za kunywa, kufunga kula, na kama fundi amesema vidonge viachwe. Kamba, viboko na kuchanjwa chale, hapana. Hapo simung'unyi maneno.

Lindi ni ndogo, kila mtu anamjua mwenzake. Siri yangu haitafika mtaani?

Muuguzi amefungwa na maadili ya kazi yake kutunza siri yako. Anaweza kuivunja hasa pale uhai wako au wa mwingine unapokuwa hatarini, na anapaswa kukueleza hilo mwanzoni. Mwombe afunge mlango. Ukiona siri imetoka, mlalamikie muuguzi mfawidhi.

Kijana wangu alipona, msimu wa korosho ukafika akaacha vidonge na kliniki, sasa ameanza tena kutolala. Nanyamba.

Mzee wangu, hili naliona kila mwaka kuanzia Oktoba. Kijana anaenda kulala shambani, kliniki iko mbali, mabibo ni mengi na uraka, pombe yake, haununuliwi kwa bei kubwa. Kutolala mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya kurudi kwa ugonjwa, kwa hiyo aende wiki hii kabla sauti hazijafuata. Msimrudishie vidonge vya zamani kwa kukisia. Muuguzi na daktari ndio watakaosema aanze na kipimo gani. Amwambie ukweli kuhusu uraka na siku alizoruka, bila kuogopa kufokewa.

Msimu ujao, mwende naye kliniki mwezi Septemba, mwambieni muuguzi: "Tutakuwa shambani mpaka mnada uishe." Anaweza kumwandikia dawa za muda mrefu zaidi, au mkazungumza juu ya sindano ya mwezi badala ya vidonge vya kila siku. Na muulize kijana mwenyewe anaipenda ipi.