Ulimpa mwenyeji tarehe, hukumpa kazi

Kihesa, Iringa

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikichambua maharage, mara ya pili baba yako alipotaka kujua unacholalamikia. Unasema umeshafanya pati tatu za kuuza vyombo majumbani mwa watu. Ilomba walikuja watano, Uyole wanne, na Mbalizi akaja jirani mmoja na watoto wake watatu, wakamaliza maandazi. Wenyeji wote wamekupa jibu moja, kwamba watu wa Mbeya siku hizi hawana hela. Ukauliza: "Mama, kosa ni langu, ni la vyombo au ni la watu? Au niache?"

Usiache bado. Na hilo la hela lisikubabaishe, maana hao hao wasio na hela utawakuta wamechangia harusi na kushona sare ya kitenge. Nilichokisikia mimi ni kingine. Ulieleza kwa kirefu ulivyopanga hotpoti mezani, ulivyonunua kitambaa cheupe, ulivyofanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo. Kuhusu mwenyeji ulisema sentensi moja tu: "Nilimwambia Jumamosi saa tisa, akasema sawa." Hapo ndipo penye tatizo. Ulimpa tarehe, hukumpa kazi.

Ngoja nikupe kisa ambacho sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa mdogo, tunakaa hapo Mbeya, na mshahara wangu wa ualimu ulikuwa ukifika katikati ya mwezi umeshakwisha. Likizo zikifika nilikuwa naenda Tunduma kuchukua vitenge na vyombo vya bati, kisha nauza majumbani. Mwalimu mwenzangu wa Sokomatola akakubali nifanyie kwake. Ilikuwa Machi, mvua haikatiki, nikafika na furushi limelowa nikakuta kapanga viti kumi na viwili, vingine vya kuazima. Tukakaa. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Aliyeingia ni mama mmoja tu, naye alifuata chumvi. Nikailaumu mvua, nikajifunga furushi langu nikarudi.

Miaka miwili baadaye tukiwa msibani, tunamenya viazi, ndipo aliponiambia ukweli. Hakuwa amemwalika mtu hata mmoja. Kila alipotaka kufungua mdomo aliona watamsema: anatuita kwake kumbe anataka kutuuzia, siku hizi ana njaa. Akaona aibu kwao, akaona aibu na kwangu, akaenda kuazima viti ili nisijue.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena mwenyeji "umeshawaalika?" Nilikuwa nakaa naye wakati anaalika.

Kwa hiyo kabla ya vyombo na kabla ya kitambaa cheupe, nenda kwa mwenyeji wiki mbili kabla. Usiende na mzigo. Nenda na daftari, na hotpoti moja umwachie aitumie. Hili la hotpoti usilichukulie kama takrima. Mtindo huu wa kuuza sebuleni una sababu yake. Huko Marekani, miaka ya 1940, Earl Tupper alipeleka madukani vyombo vyake vya plastiki vyenye mfuniko usiopitisha hewa, vikakaa rafuni tu. Watu hawakujua namna ya kuufunga, kwamba lazima ubonyeze na kuinua ukingo kidogo hewa itoke. Brownie Wise, mama aliyekuwa akilea mtoto peke yake, akawa anaviuza majumbani, anakijaza chombo maji na kukirusha ili wageni waone hakimwagi. Vikaenda mpaka mwaka 1951 kampuni ikaviondoa madukani kabisa na kumpa yeye usimamizi wa hizo pati. Mwaka 1954 alikuwa kwenye jalada la jarida la Business Week, mwanamke wa kwanza kuwekwa hapo, na mwaka 1958 wakamfukuza. Sikuandikii haya ili uwaige. Nataka uone kwamba kinachouzika vizuri sebuleni ni chombo ambacho ubora wake hauonekani mpaka mtu akione kinafanya kazi.

Hotpoti yako ndiyo hivyo. Pale sokoni Mwanjelwa ukiiweka karibu na ile ya nusu bei, zinafanana. Tofauti inaonekana asubuhi, wali wa jana ukiwa bado una uvuguvugu, na kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba hiyo si habari ndogo. Wewe ukilisema hilo, wewe ni muuzaji. Mwenyeji akilisema, "mume wangu alirudi saa nne usiku akakuta chakula cha moto sikuwasha hata jiko", hapo wanawake wanageuka kuitazama hotpoti. Lakini hawezi kulisema kama hajalala nayo ndani. Mwachie wiki nzima.

Sasa daftari. Mwambie ataje majina, wewe uandike. Atakutajia sita, saba, kisha atasema "basi ni hao". Hao ni majirani wa ukuta kwa ukuta na wenzake wa Vicoba, na nadhani hao ndio waliokuja kwenye pati zako zote, maana Vicoba hao hao ndio uliowauzia tangu mwanzo. Mtoe hapo polepole. Kanisani unaimba na nani? Wazazi wa darasa la mtoto wako? Mawifi? Yule anayekusuka? Mliosoma pamoja? Ukifika 25 simama. Mimi kwa hesabu zangu za wakati ule, nikialika 25 walikuwa wanakuja kumi au kumi na mmoja, na kumi sebuleni wanatosha. Mwenyeji anayekuambia "nitaalika kumi" anakuletea wanne, kama ulivyojionea.

Kisha mpe maneno. Hapa ndipo ile aibu ya Sokomatola inapotibiwa, na hapa usiharakishe. Asiseme "njoo kwangu kuna biashara", wala asidanganye kwamba ni chai tu. Mtu akiitwa chai akakuta mauzo hatarudi kwako tena, na kwa mwenyeji atanuna. Aseme ukweli kwa namna nyepesi: "Jumamosi kuna dada anakuja kwangu kutuonyesha vyombo, mimi nimeijaribu hotpoti yake wiki hii nimeipenda, njoo uangalie, usiponunua utakunywa chai utaondoka." Mwache aseme kwa maneno yake mbele yako mpaka yamkae mdomoni. Mwambie ampigie palepale mtu mmoja ukiwa umekaa naye. Huyo wa kwanza akikubali, wanaobaki hawamtishi tena.

Ujumbe wa kundi la WhatsApp hautoshi. Wote wanauona, wote wanaweka kidole gumba, hakuna anayejihesabu kuwa ameitwa. Apige simu au apite mlangoni kwa mtu. Ijumaa jioni awakumbushe, kila mmoja peke yake, na amuombe kila anayekuja aje na mwenzake mmoja. Wewe nawe mpigie mwenyeji katikati ya wiki. Usimuulize "wamekubali wangapi?" kwa sauti ya mkaguzi. Muulize hotpoti inaendeleaje, idadi atakutajia mwenyewe.

Nirudi kwenye zawadi yake, maana sikusikia ukiitaja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako wageni wamekuja na mwenyeji hakupona chochote, katoa sebule, katoa sukari, katoa Jumamosi yake. Mwambie mapema anapata nini, kwa hesabu anayoiona. Kwa mfano asilimia 10 ya mauzo, apewe kwa vyombo. Wakinunua vya shilingi 400,000, anachagua vya 40,000. Muulize siku ileile ya daftari ni chombo gani anakitaka, mwandikie bei yake pembeni, naye atajua mwenyewe anahitaji wageni wangapi. Na isiwe siri. Akiulizwa na shoga zake, ajibu wazi kwamba nami napata sufuria yangu. Watu hawachukii mtu kupata, wanachukia kufichwa.

Halafu kuna baba mwenye nyumba. Usicheke. Niliwahi kufanya pati kwa mama mmoja, wageni tisa, wachangamfu, nikaona leo mzigo wote unaisha. Mume akarudi, hakuwa ameambiwa, akakaa kwenye kochi lake katikati ya vitenge akafungua gazeti. Wanawake wote kimya kama wapo kipaimara. Hakuna aliyeuliza bei tena mpaka nilipofunga. Kwa hiyo uliza, tena bila kuzunguka: "Baba wa hapa anajua?" Na watoto watakaa wapi, nani atawaangalia?

Chakula. Najua ulimsaidia mama wa Uyole kupika pilau. Usirudie. Wageni wakishaona pilau wanakaa mkao wa shughuli, wanakula, wanaosha mikono, jua linazama, nani atasikiliza habari ya vyombo? Tena mgeni ambaye angependa pati ijayo iwe kwake anapiga hesabu ya nyama na mchele wa Kyela anasema moyoni, mimi siwezi. Chai ya maziwa, maandazi au karanga, imetosha. Na itolewe mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kushika vyombo.

Tarehe pia uichague na yeye, si kumpa. Yeye ndiye anayejua kwaya yao inafanya mazoezi lini na jumuiya inasali wapi. Wafanyakazi wanunue mwisho wa mwezi, wakulima baada ya mavuno, na Januari waache watu na ada zao. Ukitokea msiba mtaani, hata kama umeshapanga viti, ahirisha papo hapo bila kunung'unika, nenda ukamenye viazi na wenzako. Orodha ya bei iache nyumbani.

Siku yenyewe sina mengi, kuongea unaweza kunishinda. Fika mapema. Mwenyeji ndiye afungue, akutambulishe na aseme mambo ya ile wiki ya hotpoti, dakika tatu tu, kisha uendelee wewe. Vyombo vipite mikononi mwa watu, visibaki mezani kama maonyesho ya Nane Nane. Watakaoshindwa kuja, mwenyeji awapitishie orodha na picha kabla, maana oda ya asiyekuja nayo inahesabiwa kwenye zawadi yake. Na kabla watu hawajainuka uliza nani angependa tufanyie kwake. Macho yatamwendea mwenyeji anayefunga sufuria yake kwenye mfuko, nawe subiri, usimsukume mtu.

Kuhusu mali kauli, mtu kuchukua chombo leo alipe baadaye, naomba unisikilize vizuri. Utaombwa, na kwa watu wengine utatoa, siwezi kukukataza wakati nami nilitoa. Lakini deni liwe kati yako na mnunuzi, kwa jina lake na namba yake kwenye daftari lako. Usimwambie mwenyeji "nikumbushie mama fulani". Kuna mama wa Soweto ya hapo Mbeya na shoga yake wa miaka mingi waliacha kusalimiana kwa ajili ya shilingi elfu kumi na nane zangu, zangu mimi, na nilizilipwa. Nikikutana na mmoja wao bado sijui niangalie wapi. Chukua angalau nusu kwanza kwa simu, iliyobaki mzigo ukifika. Na usiahidi siku tatu. Mzigo unatoka Dar, unapanda mlima Kitonga, lori likilala pale njiani na ahadi yako imelala. Sema wiki mbili, ulete siku ya kumi.

Na huyo wa juu yako katika biashara hii anayekuambia hela kubwa iko kwenye kuandikisha watu walipe kiingilio, mwache aendelee peke yake. Wewe uza vyombo. Watu wakilipwa kwa viingilio vya wanaofuata, bila bidhaa kwenda kwa mtu wa kuitumia, huo ni upatu haramu hata ukiwa na nembo nzuri, na wa kwanza kuumia ni wale uliowaingiza, yaani ndugu zako.

Basi. Umesema Jumanne unakwenda kwa mama wa Iyunga ambaye anataka pati ya tarehe 28. Baba yako anasema umwachie hotpoti kubwa, si ndogo, kwa kuwa wale wana watoto watano. Kesho nakutumia kwa basi parachichi na lile daftari langu la zamani lenye jalada la kijani. Kurasa za mwanzo usizisome, ni madeni ya watu. Kuanzia katikati ni nyeupe. Jumanne usiku nipigie, uniambie mmeandika majina mangapi.

Mama yako