Kabla hujanunua shokapu mpya, tazama kama springi zako zimelala

Waaleykum salaam ndugu yangu. Nimesoma mada yako mara mbili ili nisijibu kwa haraka. Una bagi, lile gari dogo la wazi la mchangani, Polaris RZR XP 1000 ya viti viwili, umeinunua mkononi kwa mtu hapo Muscat, kila Ijumaa unaipeleka Bidiya kwenye mchanga wa Sharqiya. Umeongeza paa la chuma, kioo cha mbele, tairi la spea nyuma, spika na kisanduku cha barafu. Mzee wako akipanda anashuka ameshika kiuno, na dukani wamekwambia ufunge shokapu mpya zote nne kwa zaidi ya riali elfu moja. Unauliza kama hakuna njia nyingine.

Ipo, na nakuomba hiyo pesa usiitoe bado. Nimekuwa fundi wa bagi hizi miaka minne huko Al Badayer, upande wa Sharjah, kwenye yadi ya kukodisha. Zilikuwa zinatoka alfajiri mpaka magharibi na wageni wa kila uzito. Karibu kila bagi iliyoletwa kwangu kwa sababu ni ngumu, shokapu zake zilikuwa nzima, au zilitaka kubadilishwa mafuta tu. Tatizo lilikuwa kwenye springi.

Nitakueleza nilivyojifunza, maana somo lenyewe lilimuumiza mtu. Nilikuwa na miezi mitatu tu pale. Alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Kenya na wanawe, wakakaa wanne kwenye bagi ya viti vinne. Hata robo saa haikupita wakarudi, mama kashikwa huku na huku, machozi yanamtoka, hawezi kunyooka. Bagi ile niliiandaa mimi. Jana yake msimamizi aliniambia inakaa chini sana nyuma ikipakia watu, nikachukua spana ya ndoano, nikakaza zile nati kubwa za juu ya shokapu mpaka nyuma ikainuka. Kwa macho ilipendeza. Usiku ule sikupata usingizi, na kesho yake nikaomba bagi ile isitoke, ibaki gereji.

Nikawaomba wenzangu wanne wakae ndani, nikaingia chini na tochi. Unajua kwenye shokapu za RZR kuna springi mbili, moja juu ya nyingine, ndogo juu na kubwa chini, katikati kuna kikombe cha plastiki kinachoteleza. Ile ndogo ya juu mizingo yake yote ilikuwa imegusana. Nilitoa kadi ya benki nikajaribu kuipitisha kati ya mzingo na mzingo, haikupita hata sehemu moja. Springi imelala kabisa, imekuwa bomba la chuma. Na bagi bado imesimama, haijaenda popote.

Hapo ndipo penye siri yote. Springi mbili zikipangwa moja juu ya nyingine zinakuwa laini kuliko kila moja peke yake. Chukua mfano wa hesabu tu, hizi si namba za bagi yako: ya juu ina ugumu wa pauni 150 kwa inchi (yaani kila pauni 150 za uzito zinaibana inchi moja), ya chini 250. Zidisha 150 kwa 250, gawanya kwa jumla yake 400, unapata karibu 94. Huo ndio ulaini unaousikia kwenye kokoto na vishimo vidogo. Lakini ya juu ikishalala, inayobaki kufanya kazi ni ya chini peke yake, 250. Umeruka kutoka 94 mpaka 250, zaidi ya mara mbili na nusu, na mgongo unalipokea lote hilo kwenye kila tuta.

Sasa ya juu inalala lini? Inalala uzito ukiizidi. Springi ya pauni 150 yenye inchi 5 za kujibana inabeba pauni 750, basi. Kama bagi ikiwa imetulia tu inaibebesha 900, imelala kabla hujawasha injini. Kumbuka shokapu imefungwa katikati ya mkono, kile chuma kinachoshika gurudumu, haikufungwa pale gurudumu lilipo, kwa hiyo mzigo unaofika kwenye springi ni mkubwa kuliko ule ulio kwenye tairi. Paa lako la chuma, tairi la spea na kisanduku cha barafu vinaingia kwenye hesabu hiyo, tena spea iko nyuma kabisa.

Na ile kukaza nati? Wengi tunaamini ukikaza springi inakuwa ngumu zaidi au inapata nguvu. Haipati. Springi ya 150 inabaki 150. Unachofanya ni kuinua bodi. Bagi ikiinuka, gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka. XP 1000 nyuma ina inchi 18 za gurudumu kupanda na kushuka, mbele 16, na unazitaka zote, za kupanda na za kushuka. Gurudumu likipita juu ya shimo linatakiwa lishuke lilifuate shimo. Likikosa nafasi linaning'inia, shokapu inafika mwisho wake kwa kishindo, bodi inavutwa chini, halafu ukingo wa pili wa shimo unakuja kulipiga gurudumu. Kile kishindo cha "tang" unachosikia ukishuka kwenye kilele cha mchanga mara nyingi ni hicho, wala si shokapu kufika chini. Kwenye bagi ya yule mama nilikuwa nimempa yote mawili: springi ndogo imelala na nafasi ya kushuka nimeila.

Kwa hiyo kabla ya lolote, pima. Chukua futi kamba, jeki na daftari. Inua nyuma mpaka magurudumu yaning'inie hewani, pima kutoka usawa wa chini ya tairi mpaka chini ya fremu pale mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, weka alama ya chaki ili kila mara upime palepale. Kumbuka ukiwa umeiinua, fremu nayo imepanda, hivyo unachotaka ni umbali toka chini ya tairi mpaka fremu. Kisha shusha, mpandishe Mzee na wewe mwenyewe, weka mizigo yote ya Ijumaa, maji, petroli tangi limejaa. Halafu usipime papo hapo! Bagi ikishushwa toka jeki matairi yanakuwa yamebanwa ndani, inakaa juu kwa uongo. Iendeshe mbele mita kumi, rudi nyuma, iache itulie yenyewe, ndipo upime. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi yako ya kushuka. Mimi napenda iwe karibu theluthi moja ya nafasi yote, yaani nyuma inchi 5 na nusu mpaka 6, mbele kama 5. Ile yetu ilikuwa 21 ikining'inia na 17 na nusu ikiwa na watu wanne. Inchi tatu na nusu tu.

Mkiwa bado mmekaa, mwite mtu apite na tochi na ile kadi ya benki. Springi ndogo ikipitisha kadi vizuri kila mzingo na nafasi ya kushuka ni ndogo, una bahati, mwenye bagi wa kwanza alikaza nati tu. Safisha nyuzi kwa brashi na maji kwanza (mchanga wa Bidiya utakula nyuzi za alumini usipofanya hivyo), piga kilainishi, legeza kwa mizunguko sawa kulia na kushoto, pima tena. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja na haina gharama. Kadi isipopita, kulegeza hakutakusaidia: utashusha bagi na springi itabaki imelala. Hapo unahitaji springi zilizopimwa kwa uzito wako.

Na hapa watu hunibishia, lakini nimeliona kwa macho yangu: springi ngumu zaidi ndizo zilizolainisha ile bagi. Tuliagiza seti ambayo kwa mfano wetu ni kama kutoka 150 na 250 kwenda 250 na 300. Ile ya 250 ya juu ikiwa na inchi zile zile 5 inabeba 1,250, kwa hiyo pauni 900 haziilazi, bado ina nafasi. Zikifanya kazi pamoja ugumu wake ni 136. Linganisha na 250 ya zamani iliyokuwa inafanya kazi peke yake. Springi nene, na mgongoni karibu nusu ya ugumu. Ukiagiza, mpe muuzaji uzito wa kweli wa watu na wa kila kitu ulichofunga. Usione aibu ya kilo, usipunguze. Na usikubali springi ya kubahatisha kutoka bagi nyingine kwa kuwa zinafanana. Waya ukiongezeka unene kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda karibu asilimia 46, na tofauti hiyo huioni kwa jicho.

Ukifunga springi mpya utakuta pia ringi za kukizuia kile kikombe cha katikati. Zinaamua springi ndogo iache kazi wapi. Ukizisogeza karibu na kikombe, bagi inakuwa ngumu mapema; ukiziacha mbali, inabaki laini muda mrefu lakini ukitua vibaya inafika chini. Anza na pengo ambalo muuzaji wa springi amekupa. Halafu funga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye fito ya shokapu, isukume mpaka iguse bodi ya shokapu, uendeshe njia yako ya kawaida. Ukirudi itakuonyesha umetumia kiasi gani. Kama njia nzima ya Ijumaa hujafika hata robo tatu, una ugumu usiouhitaji.

Matairi nayaeleza kwa kifupi ila usiyadharau, maana ndiyo springi ya kwanza. Nilikuwa naweka upepo wa psi 12 asubuhi na mapema kwa njia mchanganyiko. Joto likipanda nyuzi 20, saa nane mchana ile 12 inakuwa karibu 14 bila mtu kugusa. Wageni wa mchana walilalamika kuliko wa asubuhi, na sababu moja ilikuwa hiyo. Pima matairi yakiwa baridi, na ukiingia mchanga mtupu punguza kidogo kidogo. Kama rimu zako hazina ringi ya kubana tairi, usishuke sana, tairi litatoka kwenye rimu ukiwa kwenye mteremko wa pembeni na hapo hatari ni kubwa kuliko maumivu ya kiuno.

Kitasa cha kwenye shokapu, kile unachozungusha kuongeza au kupunguza ugumu wake, kiguse mwisho kabisa, springi zikishakuwa sawa. Kifunge mpaka mwisho kwa mkono mwepesi huku unahesabu mlio, andika, kisha kirudishe pale kilipokuwa na ufungue milio miwili zaidi. Miwili tu kwa safari moja, nyuma zote sawa, mbele zote sawa. Kuna jambo moja linalowachanganya watu kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, ile ya kuelekea kambini: bagi inaanza vizuri halafu inazidi kuwa ngumu kadiri unavyoenda. Ikiwa shokapu zako zina kitasa cha pili cha kurudi, yaani kinachoamua gurudumu lirudi chini kwa kasi gani, huenda kimebanwa mno. Gurudumu linakuwa halijarudi, tuta la pili limefika, linabanwa zaidi, la tatu zaidi, mpaka unaendesha juu ya chuma. Kifungue kidogo.

Mafuta ya shokapu je? Bagi ya mkononi, chukulia hayajawahi kuguswa. Nilipofungua za ile ya viti vinne, yalitoka ya kijivu kama maji ya saruji, yanang'aa vumbi la alumini, yananuka kuungua. Kubadilisha mafuta na sili na kujaza naitrojeni upya ni sehemu ndogo tu ya bei uliyotajiwa. Kazi hiyo mpe mwenye vifaa. Usifungue valvu mwenyewe na usikubali mtu akujazie upepo wa kompresa, upepo una unyevu na presha ya ndani ni kubwa, inaweza kukutoa jicho.

Ukiwa umeinua kwa jeki, shika kila gurudumu juu na chini ulitikise. Bushi za plastiki za mikono na boljointi zikiwa zimelegea, utasikia kugongagonga ambako hakuna springi itakayoondoa. Na watu watakwambia ufungue stabilaiza, kile chuma kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto ili bagi isilale, eti magurudumu yawe huru. Ni kweli inalainika kwenye mawe, lakini bagi inalala zaidi pembeni, na ukiwa na Mzee ndani kwenye ubavu wa kilima cha mchanga mimi singefanya hivyo.

La Mzee mwenyewe. Kiti chake kiangalie, sifongo ikishakufa makalio yanakaa juu ya plastiki. Mkanda wa kiunoni ubane kwanza, wa mabegani baadaye, asiwe na nafasi ya kunyanyuka na kurudi. Na ukiliona tuta, punguza mapema halafu achia breki kabla hujaligusa. Ukilipiga huku umekanyaga breki, pua imeshazama na nafasi ya mbele umeitumia yote bure. Kuruka, muache Mzee nyumbani siku hiyo. Na kama maumivu yanabaki siku ya pili, au yanashuka mguuni, asipande bagi, aende kwa daktari kwanza.

Niandikie vipimo: ikining'inia na ikiwa imebeba, mbele na nyuma, pamoja na uzito wenu wawili, na uniambie kama kadi ilipita. Piga na picha ya springi ya juu mkiwa mmekaa. Nikiviona nitakwambia kama ni kulegeza nati tu au ni kuagiza springi, na za ugumu upi uulizie.