Mtazame Shammi Kapoor tangu mwanzo wa picha

Anayekutana na Shammi Kapoor, mwigizaji wa sinema za Kihindi, siku hizi hukutana naye vipande vipande, kwenye simu: dakika mbili za mwanamume mrefu, nywele zimepakwa mafuta na kurudishwa nyuma, anajiviringisha kwenye theluji, anatikisa kichwa kana kwamba shingo yake haina mfupa, kisha anapiga ukelele. Watu hucheka na kupita. Mimi nimempenda msanii huyu kwa zaidi ya miaka 40, na kwa kuwa vijana wa nyumbani huniuliza mara kwa mara nimeona nini kwake, nimeamua kueleza namna ninavyodhani anafaa kutazamwa, nikianza na jinsi mimi mwenyewe nilivyomtazama vibaya mara ya kwanza.

Mwaka 1984, nilipokuwa na umri wa miaka 12, ami yangu alirudi Zanzibar kutoka Dubai na deki ya video, na picha ya kwanza tuliyoazima dukani ilikuwa Junglee, yake Shammi. Kanda ile ilikuwa imekatwa nyimbo zote, nadhani ili picha mbili zipate kutosha katika kanda moja. Niliona kijana mwenye uso wa jiwe asiyecheka na mtu, kisha ghafla nikaona kijana yuleyule amebadilika, anaruka na kutania kila anayekutana naye, na sikuelewa kilichompata. Nilisema kwa sauti kwamba mtu huyu hajui kuigiza. Mama yangu, aliyekuwa ameitazama picha hiyo katika ujana wake kwenye sinema ya Majestic kule Vuga, alikasirika kwa namna ambayo sikuitarajia. Alisimama mbele ya televisheni, akatusimulia kila wimbo uliokatwa, mahali ulipokuwa na kilichotokea ndani yake, na mingine akaiimba kwa maneno ya Kihindi ambayo hakuyajua maana. Mimi nilipewa picha bila nyimbo. Vijana wa leo wanapewa nyimbo bila picha. Hasara ni ileile, kwa sababu kwa Shammi wimbo ndipo mahali mtu anapobadilika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: itazame Junglee nzima, tangu dakika ya kwanza, na usiruke nusu saa ya mwanzo hata kama inakuchosha. Katika picha hiyo ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Subodh Mukherji, Shammi ni Shekhar, kijana tajiri aliyelelewa na mama mkali, anayeigizwa na Lalita Pawar, chini ya amri kwamba kucheka ni aibu kwa watu wa ukoo wao. Anatembea kama askari, anazungumza kama hakimu, na mikono yake haiondoki ubavuni. Anasafiri hadi Kashmir, nchi ya milima kaskazini mwa India, pamoja na dada yake ili kumtenga na kijana anayempenda, na huko anakutana na msichana anayeigizwa na Saira Banu, aliyekuwa anaonekana katika sinema kwa mara ya kwanza. Tufani ya theluji inawafungia mahali pamoja, na tufani inapokwisha, mtu huyu ambaye hajawahi kucheka tangu utoto anatoka nje na kupiga ukelele ule wa Yahuu uliozunguka dunia. Ukiwa umevumilia ukimya wake wote wa awali, ukelele ule hautakuchekesha. Mimi hunitoa machozi hadi leo. Jambo moja wengi hawalijui: wimbo ule umeimbwa na Mohammed Rafi, maana katika sinema za Kihindi mwimbaji hurekodi sauti na mwigizaji hufuatisha kwa midomo, lakini ukelele si wake wala si wa Shammi, ulipigwa na Prayag Raj.

Ni vyema pia kujua kwamba vituko vile havikuwa tabia aliyozaliwa nayo, bali vilikuwa uamuzi. Shamsher Raj Kapoor alizaliwa Bombay tarehe 21 Oktoba 1931, mtoto wa Prithviraj Kapoor, jabali la jukwaa na sinema, na ndugu mdogo wa mwigizaji Raj Kapoor, ambaye kufikia miaka ya 1950 alikuwa anajulikana hata katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alianzia kazi katika tamthilia za baba yake, akaingia kwenye sinema mwaka 1953, na kwa miaka minne picha zake zilifuatana kuanguka. Alivaa masharubu membamba na watu wakamwona kama nakala ya kaka yake. Mwaka 1955 alimwoa Geeta Bali, mwigizaji aliyekuwa na jina kubwa kuliko lake wakati huo. Kisha, mwaka 1957, mwongozaji mpya Nasir Hussain alimpa nafasi katika Tumsa Nahin Dekha, na Shammi akanyoa masharubu, akabadilisha mtindo wa nywele, akaacha kabisa heshima ya mwili ambayo mastelingi wa Kihindi walikuwa wanailinda. Dilip Kumar alikuwa ameshika huzuni, Raj Kapoor alikuwa ameshika unyonge wa maskini, Dev Anand alikuwa ameshika umaridadi wa mjini. Kilichobaki kilikuwa mwili wenyewe, na Shammi aliuchukua wote, kuanzia nyusi hadi visigino. Walimwita Elvis wa India, kwa kumfananisha na Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani, lakini mimi jina hilo sikulipenda kamwe, maana linamnyima kazi aliyoifanya. Mara nyingi miondoko yake aliibuni mwenyewe, bila kufundishwa na mwalimu wa dansi.

Hapa naomba ufanye zoezi ambalo mimi nililigundua kwa bahati, siku umeme ulipokatika na nikabaki na redio ya betri. Chukua wimbo wake mmoja, usikilize mara tatu au nne macho yakiwa yamefumbwa, kisha ndipo uutazame. Wimbo unaofaa zaidi ni ule wa mtumbwi katika Kashmir Ki Kali ya mwaka 1964, anapomwimbia mwigizaji mwenzake Sharmila Tagore kwenye Ziwa Dal, mjini Srinagar. Utasikia Rafi akiurudia mstari wa mwisho mara nyingi, na kila mara anaupinda kwa namna nyingine. Inasimuliwa kwamba Shammi ndiye aliyeomba marudio hayo, kwamba mtunzi wa muziki O. P. Nayyar aliona wimbo utakuwa mrefu mno, na kwamba Rafi ndiye aliyewapatanisha. Sasa fungua macho utazame: kila upindo wa sauti una tendo lake, bega kwa huu, goti kwa ule, kichwa kwa unaofuata, mpaka mtumbwi unashindwa kumstahimili na anatumbukia majini. Baada ya zoezi hili hutasema tena kwamba anarukaruka ovyo, kwa sababu utakuwa umeona kwamba hakuna tendo hata moja lisilo na noti yake. Alikuwa na desturi ya kuhudhuria kurekodiwa kwa nyimbo zake, na Rafi naye aliimba akijua ni mwili gani utakaoibeba sauti yake. Msikilizaji wa taarabu hatapata shida kuelewa jambo hili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyependwa mno kwa mahadhi yake ya Kihindi, alitufundisha zamani kwamba sauti ikipindwa vizuri inaweza kubeba maneno ya lugha yoyote.

Usiogope Kihindi. Mimi sijakisoma darasani, lakini ukitega sikio utakutana na jamaa zako wengi: duniya ni dunia, waqt ni wakati, khabar ni habari, safar ni safari. Maneno hayo tuliyapokea sote kutoka upande uleule wa bahari. Ukipata maandishi ya tafsiri chini ya picha, yatumie mara ya kwanza, kisha mara ya pili yaondoe, kwa sababu anayesoma chini ya kioo haoni uso, na kwa Shammi nusu ya habari iko kwenye macho na midomo.

Kuna upande wake mwingine ambao wapenzi wengi wa vituko huuruka, nami naushikilia kwa nguvu zaidi kadiri ninavyozeeka. Mwezi Januari 1965 Geeta Bali alifariki dunia kwa ugonjwa wa ndui, akimwachia mume wake watoto wawili wadogo. Wakati huo Shammi alikuwa katikati ya kutengeneza Teesri Manzil chini ya mwongozaji Vijay Anand, na kazi ikasimama. Picha ilipotoka mwaka 1966 watu walipagawa na ngoma na gitaa za mtunzi wa muziki R. D. Burman, na kwa haki kabisa. Ila nenda kautazame wimbo wa taratibu, anapoimba jukwaani mbele ya wageni wa hoteli huku akimtazama mpenzi wake, anayeigizwa na Asha Parekh. Hatikisi kichwa, haruki. Amesimama kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa maji na anaogopa kumwaga. Mimi niliutazama wimbo huo mara nyingi nikiwa kijana na kuuona wa kawaida. Nikaja kuutazama tena mwaka niliofiwa na mke wangu, na sikuweza kuumaliza. Ukishaona hapo, nenda kwenye Brahmachari ya mwaka 1968, ambamo anaigiza kijana anayelea mayatima nyumbani kwake. Huko utamkuta mbele ya piano, akiimba huku anatabasamu na moyo umevunjika. Picha hiyo ndiyo iliyompa Filmfare, tuzo kubwa ya sinema za Kihindi, ya mwigizaji bora, na Rafi naye akatuzwa kwa wimbo huo wa piano.

Sitaficha kasoro. Katika picha zake nyingi stelingi humfuata msichana barabarani, humzuia njia, humsumbua mpaka akubali, na mambo hayo huonyeshwa kana kwamba ndiyo mahaba. Binti yangu aliponiuliza, akiwa na miaka 14, kwa nini yule dada haendi polisi, sikuwa na jibu, na nilifurahi kwamba ameuliza. Nakushauri usiyatetee mambo hayo na usiyaruke. Simamisha picha, zungumza na watoto, kisha endelea. Kumpenda msanii hakukulazimu kukubali kila alichoandikiwa kufanya, na mtoto anayeruhusiwa kukataa hili atakuwa huru zaidi kulipenda lile.

Kwa mpangilio, mimi huanza na Junglee, kisha Professor ya mwaka 1962, ambayo nadhani ndiyo kipimo halisi cha uigizaji wake: kijana maskini mwenye mama mgonjwa anajigeuza mzee mwenye ndevu nyeupe ili apate kazi ya kufundisha, na Shammi anabadilika kutoka mzee hadi kijana ndani ya sekunde chache kwa mgongo na sauti tu. Baada ya hapo Kashmir Ki Kali, Teesri Manzil na Brahmachari. Tumsa Nahin Dekha, ambayo haina rangi, iweke mwishoni, utakapokuwa umeshajua alikokwenda na unataka kuona alikotokea. An Evening in Paris ina nyimbo nzuri na hadithi nyepesi. Itazame siku ya mvua. Usitazame picha mbili kwa siku moja. Picha hizi zilitengenezwa kwa watu waliotoka nyumbani wamevaa vizuri, wakakaa karibu saa tatu na mapumziko katikati, kisha wakarudi wakiimba njiani, na hazifai kulambwa harakaharaka kama dawa.

Nakusihi pia usimwache anapozeeka. Mwili uliomletea jina ndio uliomlipisha. Alivunjika mguu akiwa na tembo katika utengenezaji wa picha ya Rajkumar, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amenenepa na magoti yamechoka. Wengine wangejificha. Yeye alicheza nafasi ya baba, ya ami, ya mzee wa kijiji, na akapata tena tuzo ya Filmfare, safari hii ya mwigizaji msaidizi, kwa Vidhaata ya mwaka 1982. Intaneti ilipofika India alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipenda, akaongoza jumuiya ya watumiaji wake nchini humo. Figo ziliposhindwa, aliishi miaka kadhaa kwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bado alikubali kazi. Alifariki Mumbai, Bombay ileile alikozaliwa, tarehe 14 Agosti 2011.

Picha yake ya mwisho, Rockstar, ilitoka mwezi Novemba mwaka huohuo, na ndani yake mjukuu wa kaka yake, Ranbir Kapoor, ndiye stelingi. Shammi ni fundi wa shehnai, zumari la harusi za Kihindi, mzee mzito aliyeketi, hainuki. Niliitazama na mama yangu, ambaye kwa wakati huo macho yake yalikuwa yamefifia na alikuwa anaona vivuli tu. Sikumwambia nani amo ndani. Yule mzee alipousikia muziki wa kijana, kichwa chake kilisogea kidogo upande mmoja, kikarudi. Mama akanishika mkono, akauliza, "Shami huyo?"