Maswali na majibu: Holoholokai na michongo ya Puako

Nakwenda Kisiwa Kikubwa cha Hawaii na watoto. Ufuo wa Holoholokai unafaa kuogelea?

Haufai. Ni mawe meusi ya volkano na vipande vya matumbawe mpaka majini, na hakuna mwokoaji. Wapeleke ufuo wa Hapuna, kaskazini kidogo, penye mchanga na waokoaji. Holoholokai ina vyoo, bafu za nje, meza na majiko ya kuchomea nyama. Kuleni hapo, kisha ingieni Njia ya Malama, iendayo Puako kwenye michongo ambayo Wahawaii wa kale waliichonga kwenye miamba.

Naweza kuweka karatasi juu ya mchongo na kuisugua kwa kalamu ya nta nipate nakala?

Usithubutu. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na bado linaletwa kana kwamba ni jipya. Michongo ya Puako, zaidi ya 3,000, ilichongwa kwenye lava yenye uso laini. Ngozi ya juu ya jiwe hilo ni nyembamba na hukatika upesi. Kila msuguo huondoa chembe, kingo za mchongo zikaviringika, na alama haionekani tena. Chaki, ambayo wengine huipaka ili mchongo uonekane, hubaki ndani ya vitundu vya jiwe. Kukanyaga ni vibaya vilevile, hata bila viatu.

Wengi huharibu kwa sababu wamefika saa sita mchana. Jua la utosini halitoi kivuli, hivyo hawaoni kitu, ndipo wanapotoa chaki. Nenda mapema asubuhi au jua likielekea kuzama: mwanga wa pembeni hujaza kila mfereji kivuli, na simu ya kawaida inatosha kupiga picha.

Kila mchongo una maana gani?

Mingi haina maana inayojulikana kwa hakika. Usimwamini anayekufafanulia yote. Kuna inayojulikana: huko Puʻu Loa, penye michongo mingine upande wa pili wa kisiwa, wazazi waliweka kitovu cha mtoto kwenye tundu la jiwe wakimwombea maisha marefu. Sisi tunaosema kitovu chetu kimezikwa mahali fulani hatuhitaji kuambiwa kwa nini pasikanyagwe.

Ndara zinatosha?

Hapana. Njia ya Malama ni kama kilomita 1.1 kwenda, na kama hiyo kurudi, kupitia msitu wa kiawe. Kiawe ni ndugu wa mathenge anayewasumbua wafugaji wa Baringo, na miiba yake hupenya soli laini mpaka nyayoni. Vaa viatu vya kufunika vyenye soli ngumu, tazama mizizi na mawe, na kila mtu abebe angalau lita moja ya maji. Upande huo wa kisiwa ni mkavu na njiani hakuna bomba.

Kipande kidogo cha tumbawe kwa ukumbusho?

Kiache. Sheria ya jimbo inakataza kuchukua matumbawe, hata yaliyokufa, na mchanga pia.

Na kasa akipanda ufuoni?

Kaa mita 3 mbali naye, usimguse, usimzibie njia ya kurudi baharini. Sili, yule mnyama wa baharini anyonyeshaye, akilala ufuoni, mita 15.